Kitendawili Kisicho na Zamu: Uhakiki wa Tetesi za Simu Mpya katika Soga za Vibanda vya Chanika

Ikisiri

Makala hii inahakiki tetesi zinazotangulia matangazo ya simu na programu mpya za kampuni ya Apple, zikichukuliwa kuwa usemi wa fasihi simulizi katika mazingira ya Chanika, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba tetesi hizo zina umbo la kitendawili, lakini ni kitendawili ambacho mtegaji haachii zamu. Makala inaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili hawabaki wasikilizaji tu: huitumia tetesi kama nyenzo ya kupatana bei, na hujitwalia jibu kwa kuipa simu jina lao wenyewe. Uwezo huo, hata hivyo, hukoma mazungumzo yanapohama kutoka umbo la simu kwenda programu inayoiendesha. Hapo ndipo hasara ya mtumiaji wa Chanika ilipo.

1.0 Utangulizi

Kwa kawaida kampuni ya Apple hutangaza programu zake mwezi Juni na simu zake mwezi Septemba. Tangazo huanza saa nne asubuhi kwa saa za California, ambayo katika miezi hiyo ni saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Chanika, saa mbili usiku ni wakati wa watu kurudi. Daladala zinazotoka mjini kupitia Gongo la Mboto na Pugu huwashusha abiria, taa za maduka zimewaka, na vibanda vya mafundi simu bado viko wazi. Kinachosemwa vibandani wakati huo na katika majuma yanayotangulia ndicho kinachohakikiwa hapa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Apple, ilhali simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zimeenea zaidi katika mitaa ya aina hii. Sababu ni ya kiuhakiki. Tetesi hukua penye mambo mawili: siri inayolindwa na siku inayojulikana. Transsion hutoa matoleo mengi kwa nyakati mbalimbali. Apple hutoa machache, kwa msimu uleule, na kwa usiri uliofanywa kuwa sehemu ya biashara. Kwa hiyo tetesi za iPhone ndizo zilizokomaa kiumbo. Aidha, mtu hahitaji kumiliki simu hiyo ili aizungumzie. Hali hiyo inaifanya soga yenyewe istahili kuchunguzwa, kwa kuwa mzungumzaji ana sababu nyingine ya kuzungumza mbali na kununua.

Uhakiki huu hautafuti kujua ni tetesi ngapi zilitimia. Unachunguza umbo la usemi, dhima yake, na mahusiano ya nguvu kati ya anayeficha na anayebashiri.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mikabala miwili inaongoza uhakiki huu. Mkabala wa kwanza unatoka katika taaluma ya tetesi. Allport na Postman (1947) walieleza kwamba tetesi hupata nguvu pale jambo linapokuwa na umuhimu kwa watu na wakati huohuo likawa na utata. Likikosa mojawapo, tetesi hufifia. Shibutani (1966) alikataa kuiona tetesi kama ugonjwa wa habari, akaichukulia kuwa juhudi ya pamoja ya watu kutafuta maana pale taarifa rasmi isipotosha. Kwa upande wa Afrika Mashariki, White (2000) alichunguza masimulizi ya wanyonya damu na wazimamoto wakati wa ukoloni, akaonyesha kwamba thamani ya masimulizi hayo kwa mwanahistoria haitegemei ukweli wa tukio linalosimuliwa. Inategemea jinsi yanavyofichua namna watu walivyoifikiria mamlaka iliyowazunguka. Kutoka kwa White, makala hii inachukua kanuni moja: tetesi inayoihusu kampuni ya mbali husema mengi zaidi juu ya msemaji kuliko juu ya kampuni.

Mkabala wa pili unatoka katika nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili. Mulokozi (1989) aliifafanua fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na fanani, hadhira, fani, mahali na wakati, akaweka soga katika utanzu wa mazungumzo na vitendawili katika utanzu wa semi. Mgawanyo huo unaleta swali lenye manufaa. Kwa sura, tetesi za simu ni soga, kwani husemwa kwa mzaha na bila mpangilio rasmi. Mpangilio wa ndani, hata hivyo, unadokeza utanzu mwingine.

3.0 Tetesi kama Kitendawili

Kitendawili cha Kiswahili kina hatua zinazofahamika. Mtegaji hutangaza kwamba ana kitendawili, hadhira humruhusu atege, mtegaji hutoa fumbo, hadhira hubashiri. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Akiupenda mji aliopewa, huufaidi kwa maneno, kisha hutoa jibu. Baada ya hapo mwingine hutega.

Msimu wa tangazo la Apple hufuata hatua hizo karibu zote. Majuma machache kabla ya tangazo, kampuni hutoa mwaliko wenye picha na maneno machache yasiyosema kitu kwa uwazi. Huko ndiko kutega. Wapenzi wa simu hufasiri rangi, mkunjo wa mstari na neno lililochaguliwa, kama hadhira inavyopima kila neno la fumbo. Siku ya tangazo ni siku ya jibu. Nao mji hutolewa, ingawa si kwa jina la Unguja au Mombasa. Hutolewa kwa muda na masikio ya watu wanaoisemea kampuni bila malipo, na kwa baadhi yao, kwa fedha.

Tofauti iko katika hatua ya mwisho. Katika kitendawili cha barazani, zamu huzunguka, na mtoto aliyeshindwa sasa hivi anaweza kumtoa jasho babu yake baada ya dakika moja. Usawa huo ndio unaofanya kutoa mji kusiwe aibu, kwani anayetoa leo atapokea punde. Katika kitendawili cha kampuni, mtegaji ni yuleyule kila Septemba, na hadhira hutoa mji bila kutazamia kuupata wake. Ndiyo maana makala hii inakiita kitendawili kisicho na zamu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kudaiwa kwamba ulinganisho huu umelazimishwa, kwa sababu jibu la kitendawili cha jadi ni mali ya jamii nzima, ilhali jibu la kampuni linajulikana na wachache. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linaiimarisha hoja. Jibu la kampuni nalo huwa limekwisha kuwepo wakati wa kubashiri: simu inayotangazwa Septemba huwa imekwisha kusanifiwa na kuingia viwandani. Kilichobadilika ni umiliki wa jibu. Kwa kuwa jibu limefungiwa, ubashiri hugeuka kuwa utafutaji wa mtu wa ndani, na methali isemayo siri ya mtungi aijuaye kata hupata matumizi mapya. Mfano maarufu ni wa mwaka 2010, pale sampuli ya iPhone 4 iliposahauliwa katika baa mjini Redwood City, California, na picha zake zikachapishwa mwezi Aprili, kabla ya kampuni kuitangaza simu hiyo tarehe 7 Juni. Kwa mara hiyo moja kata ilisema, na fumbo likafumbuliwa kabla ya mtegaji kudai mji.

4.0 Sarufi ya Tetesi

Kiswahili kina nyenzo nyingi za kuonyesha umbali kati ya msemaji na habari anayoitoa, na tetesi za simu huzitumia kwa ustadi. “Inasemekana” huondoa mtenda kabisa. “Wanasema” humrudisha mtenda, lakini humwacha bila uso. Hao wanaosema wako nje ya Chanika na nje ya Tanzania. “Nasikia” humweka msemaji katika nafasi ya sikio tu, wala si ya shahidi. “Eti” hufanya zaidi: huipeleka habari mbele huku msemaji akijiwekea mlango wa kutokea, ili ikithibitika awe alisema, na isipothibitika awe alicheka.

Inastahili kuzingatiwa kwamba nyenzo hizi hutangulia kitenzi chenye njeo ya uhakika. Msemaji hasemi kwamba simu huenda ingekuja na betri kubwa zaidi; husema, “Nasikia itakuja na betri kubwa.” Shaka hukaa kwenye kiambishi na kitenzi cha mwanzo, ilhali tumaini hukaa kwenye njeo ya wakati ujao. Muundo huu huiwezesha sentensi moja kubeba tahadhari na hamu kwa pamoja, na ndio unaoipa tetesi ladha yake.

Tetesi zina pia mlinzi wao katika methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kiuhakiki, methali hii huifanya tetesi isiweze kushindwa. Mwaka 2011 wapenzi wengi walitarajia simu iitwayo iPhone 5. Tarehe 4 Oktoba kampuni ilitangaza iPhone 4S, na waliobashiri wakaonekana wamekosea. Tarehe 12 Septemba 2012 iPhone 5 ilitangazwa. Halikuwapo, likaja. Lakini methali hiyohiyo haielezi kisa cha gari la Apple, lililobashiriwa kwa takriban mwongo mmoja bila kampuni kulitangaza, hadi Februari 2024 vyombo vya habari viliporipoti kwamba mradi wake umefutwa. Lililosemwa halikuja. Jamii hukumbuka kisa cha kwanza na kusahau cha pili, kwa sababu kilichokuja huonekana dukani na kushikwa mkononi, wakati kisichokuja hakina pa kuonekana.

5.0 Tetesi na Kupatana Bei

Hadi hapa tetesi imechambuliwa kana kwamba inasemwa popote. Ikipelekwa kibandani Chanika, dhima yake hubadilika. Simu ya iPhone inayouzwa mtaani mara nyingi si mpya. Imekwisha kutumika kwingine, ikaingia nchini, ikapitia Kariakoo, kisha ikafika pembezoni. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, simu itakayotangazwa Septemba si simu atakayoinunua. Ni simu itakayoishusha bei ile aliyoikodolea macho.

Kwa hiyo mteja anaposhika simu ya miaka minne iliyopita na kumwambia muuzaji, “Kaka, si wanasema mwezi wa tisa inatoka mpya?”, hatoi habari. Anaomba punguzo. Muuzaji naye anaelewa, na jibu lake huwa la kuipunguza tetesi nguvu: mpya haitafika huku mapema, dola imepanda, au hii aliyoishika ina betri nzima. Kibandani, basi, tetesi ina pande mbili zenye masilahi yanayopingana. Mnunuzi anataka ivume. Muuzaji anataka inyamaze hadi mzigo wake uishe.

Mvutano huu si wa Chanika peke yake. Historia ya kompyuta inaikumbuka kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyofilisika mwaka 1983. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kuwa onyo kwa kampuni inayotangaza mashine ijayo wakati iliyopo haijauzwa, ingawa wachambuzi wengine wanataja sababu zaidi ya hiyo. Usiri wa kampuni kubwa una sehemu ya mzizi wake hapo: kunyamaza ni kulinda mauzo ya leo. Muuzaji wa kibandani anabeba hatari ileile bila kuwa na uwezo wa kunyamazisha lolote. Mzigo wake mdogo hupungua thamani kwa neno lililosemwa California, naye hana pa kulipinga ila kwa mdomo wake.

Shibutani aliiona tetesi kuwa juhudi ya pamoja ya kutafuta maana. Ushahidi wa kibandani unadai marekebisho. Hapa juhudi ni ya pamoja katika kuizungumzia habari, lakini si ya pamoja katika kuitumia. Maana inayotafutwa ni bei, na bei haiwezi kuwapendelea wote wawili.

6.0 Kutoa Jina ni Kuchukua Zamu

Ikiwa mtegaji haachii zamu, hadhira inaweza kuichukua? Jibu moja liko katika utoaji wa majina. Wasemaji wa Kiswahili wa Tanzania wana mazoea ya kuzipa simu majina yasiyotoka kiwandani. Simu ndogo yenye tochi ikawa kitochi. Simu rahisi isiyo na intaneti ya maana ikaitwa kiswaswadu. Majina haya hayatafsiri jina la kampuni. Yanataja kile ambacho mtumiaji anakiona au anakipata.

Tarehe 10 Septemba 2019 Apple ilitangaza iPhone 11 Pro, simu yake ya kwanza yenye kamera tatu mgongoni. Mtaani ikawa “macho matatu”. Jina la kampuni linadai kwamba simu ni ya mtaalamu. Jina la mtaani halidai lolote juu ya mwenye simu, linaeleza tu kile jirani anachokiona simu inapoinuliwa. Ni sitiari ya mwili, ya jamii moja na jicho la maji au mguu wa kiti, na inakaa katika Kiswahili bila kugongana na kitu.

Athari yake ni kubwa kuliko mzaha unavyodokeza. Matoleo ya Pro yaliyofuata, hadi lile la Septemba 2025, nayo yana kamera tatu. Jina “macho matatu” kwa hiyo huyakusanya matoleo ya miaka kadhaa katika kundi moja na kufuta tofauti ya mwaka kwa mwaka, ambayo ndiyo bidhaa halisi inayouzwa na msimu wa tangazo. Kampuni huhesabu: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mtaa huhesabu macho, na macho hayajaongezeka. Katika hali hiyo hadhira imetoa jibu lake yenyewe, na jibu hilo halimpi mtegaji mji mpya kila mwaka.

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja upande wa pili. Jina linalofuta tofauti humfaa pia muuzaji asiye mwaminifu, kwa kuwa simu ya 2019 huweza kubebwa na sifa ya simu ya jana. Hata hivyo, ukweli kwamba jina linaweza kutumiwa vibaya haumwondolei mtaa umiliki wake.

7.0 Programu: Mahali Zamu Isipochukulika

Uwezo ulioelezwa hapo juu unategemea macho. Simu huonekana, programu haionekani. Ndiyo maana tangazo la Juni, ambalo huhusu zaidi programu, halina soga nyingi kibandani, ingawa kwa mtumiaji wa simu iliyokwishatumika ndilo lenye uzito zaidi. Katika tangazo hilo kuna orodha fupi isiyopigiwa makofi: simu zitakazopokea programu mpya. Simu isiyotajwa imeachwa.

Tarehe 3 Juni 2019 ilitangazwa programu ya iOS 13, na simu za iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus hazikuwamo. Mwenye simu hizo hakuona badiliko siku hiyo. Kila kitu kiliendelea kufanya kazi. Tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zisizoweza kufikia toleo la iOS 15.1, zikiwamo hizo tatu. Jibu la kitendawili kilichotegwa Juni 2019 lilimfikia mtumiaji baada ya takriban miaka sita, likiwa limebadilika na kuwa kukatika kwa mawasiliano na wateja, ndugu na kikundi cha mtaa. Tarehe 9 Juni 2025 iOS 26 iliziacha iPhone XR, XS na XS Max, ambazo ni miongoni mwa zile zinazokuwa nafuu hatua kwa hatua na kuteremka kuelekea vibanda vya pembezoni.

Hapa kanuni ya Allport na Postman inahitaji kusomwa kwa makini. Umuhimu upo, utata upo, lakini tetesi ni chache. Kinachokosekana ni kitu ambacho wanazuoni hao hawakukitilia mkazo: umbo linalosemeka. Kamera ya tatu huweza kuitwa jicho. Kukosekana kwa jina la simu katika orodha hakuna sitiari, na kisicho na sitiari hakidumu katika soga.

Ulinganisho na tukio la nyumbani unaonyesha kwamba hali hiyo si ya lazima. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotangaza kwamba simu bandia zingezimwa tarehe 16 Juni 2016, uvumi juu ya simu zipi zingezimwa ulienea. Lakini mamlaka ilikuwa imewapa wananchi njia ya kulijua jibu mapema: kubonyeza *#06#, kupata namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090. Fumbo lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa mwenye simu. Watu wakaambizana tarakimu hizo vibandani na ndani ya daladala. Kwa hiyo hata jambo la kiufundi lisiloonekana huweza kuingia katika mazungumzo ya mtaa likipewa umbo fupi linalokaririka.

Lipo pia suala la lugha. Siri, msaidizi wa sauti aliyetangazwa pamoja na iPhone 4S mwaka 2011, hakuzungumza Kiswahili, na lugha zilizotangazwa kwa huduma za akili unde za kampuni hiyo hadi mwaka 2025 hazikukijumuisha. Tetesi zinasemwa kwa Kiswahili kilichokomaa juu ya programu isiyokijua Kiswahili. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwamba hali hiyo si hatima kunathibitishwa na Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika mradi huo wasemaji wa Kiswahili hawakubashiri jibu la mtu mwingine. Walikaa upande wa mtegaji.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba tetesi za simu mpya ni usemi wenye umbo, sarufi na dhima zinazotambulika katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Zinafuata hatua za kitendawili hadi pale zamu inapopaswa kuhama, nayo haihami. Chanika inajibu kukosa zamu huko kwa njia mbili: inaigeuza tetesi kuwa hoja ya bei, na inaipa simu jina linalokataa hesabu ya kampuni. Njia zote mbili zinafaulu pale kinachozungumzwa kinapoonekana, na zote mbili zinashindwa mbele ya programu.

Hitimisho hili lina maana kwa uhakiki wa fasihi simulizi ya mjini. Mhakiki akikusanya tu yanayosemwa, ataandika mengi kuhusu kamera na rangi, na atapitwa na orodha ya Juni, kwa kuwa haisemwi. Soga ya kibandani inapaswa kusomwa pamoja na ukimya wake. Mwenye iPhone 6 aliyeshiriki kubashiri macho matatu mwaka 2019 alikuwa amekwisha kutoa mji mwezi Juni wa mwaka huohuo, bila kusikia kitendawili kikitegwa.